Niliuza Siki kwa Maneno

Mwaka wa kwanza baada ya kuacha chuo nilirudi Voi na laptopu moja, deni la karo, na kazi ya kuandikia watu nisiowajua. Wengi wa rika langu wanaijua hiyo kazi. Mteja yuko Marekani au Australia, wewe uko Birikani ndani ya chumba ambacho bati lake linakupika kuanzia saa tano asubuhi. Anakutumia kichwa cha habari, unamrudishia maneno 800 kabla jua halijatua. Niliandika kuhusu magodoro. Niliandika kuhusu mbwa wenye wasiwasi. Na siku moja niliandika "Faida 21 za Siki ya Tufaha kwa Mwili Wako", nikalipwa shilingi 600, nikanunua tokeni za stima na bado nikabaki na ya chapati.

Siki ya tufaha sikuwa nimewahi hata kuionja. Utafiti wangu ulikuwa huu: nilifungua kurasa sita za mtandao, kila moja imenakili mwenzake, na zote zikaishia kwa mtu asiye na jina anayeitwa "wataalamu wanasema". Nikapanga. Inayeyusha mafuta ya tumbo. Inasafisha damu. Inatoa sumu kwenye ini. Inashusha presha, inaponya sukari, inaua saratani, inang'arisha meno. Nilipofika 18 nikakwama, kwa hivyo tatu za mwisho nilizimega kutoka kwa zile za mwanzo nikazivisha maneno mapya. Kusema kweli nilijivunia hiyo kazi.

Kuandika lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba jioni ile nilimsomea Mama Mdogo.

Mama Mdogo ni mdogo wa mama yangu. Ni fundi wa nguo karibu na soko, na ana ugonjwa wa sukari. Wakati huo vidonge vya metfomini vilikuwa vinamsokota tumbo, na alikuwa anatafuta sababu ya kuviacha. Nikawa namtafsiria orodha yangu huku anakata kitambaa. Nilipomwambia kwamba siki bora ni ile yenye "mama" ndani, yaani ule utando mzito unaotulia chini ya chupa, akauliza, "Mama ya nani?" Tukacheka sana. Kisha akauliza tena, safari hii bila kucheka: "Na ya sukari, umesema inaponya?"

Nikasema ndiyo. Kwenye familia yetu mimi ndiye niliyefika chuo kikuu, hata kama sikumaliza.

Nitamrudia. Wacha kwanza nieleze siki ni kitu gani, maana baadaye, aibu iliponikolea, ndipo nilipoanza kuisoma kwa dhati.

Siki ni pombe iliyopita wakati wake, basi. Uliyewahi kununua mnazi wa kutoka Kaloleni au Rabai siku ya Jumamosi ukausahau mpaka Jumatatu unajua ninachosema. Chachu hula sukari ya utomvu na kuacha pombe. Halafu wanakuja bakteria wengine wanaopenda hewa, wanaigeuza ile pombe kuwa asidi asetiki, na asidi hiyo ndiyo ule ukali unaokukunja uso. Mbangara wetu wa milimani, ule wa miwa, nao ukiachwa wazi unaenda njia hiyo hiyo. Wafaransa walilipa jambo hili jina lisilo na siri: neno lao la siki lina maana ya mvinyo mkali. Na ni Mfaransa, Louis Pasteur, aliyeonyesha miaka ya 1860 kwamba kazi hiyo inafanywa na vijidudu vilivyo hai. Yule "mama" wa chini ya chupa ni hao bakteria na utando waliojifumia. Hana muujiza.

Pwani siki ni kitu cha jikoni tangu zamani. Neno lenyewe lina sura ya Kiajemi, na Waajemi wana kinywaji cha kale cha siki na asali, sekanjabini, ambacho matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwemo, walikiandikia wagonjwa. Wagiriki wa enzi za Hippocrates nao walichanganya siki na asali kwa ajili ya kikohozi. Lakini ukienda jikoni kwa watu wa Mombasa au Lamu utaikuta siki kwenye achari na kachumbari. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia chakula kuoza kabla friji haijazaliwa, na kazi hiyo inaifanya kweli, kwa sababu vijidudu vingi haviwezi kuishi kwenye asidi kali. Hata ile hadithi ya Mtume ambayo wauzaji wa siki hupenda kuitaja inaisifu kama kitoweo, kitu cha kulia mkate. Nimewasikiliza wazee wawili watatu kwenye hili, na wote walilisema kwa wepisi, kama jambo ambalo halihitaji mjadala. Kitoweo ni kitoweo.

Sasa ilitokaje kwenye kachumbari ikawa dawa ya kila kitu? Nadhani sehemu ya jibu iko hapa hapa kwetu. Voi imejaa miarobaini. Mti ulikuja kutoka upande wa India, ukaota vizuri kwenye joto letu, ukapewa jina linalotangaza kwamba unatibu magonjwa 40. Magonjwa 40! Hakuna aliyewahi kunitajia yote, na nimeuliza. Nyanya alikuwa akichemsha majani yake, anakusimamia mpaka umalize kikombe, na ukikunja uso anasema dawa tamu si dawa. Tumelelewa hivyo. Kitu kikiuma ulimi, tunahesabu kwamba kimeshaanza kazi.

Na mara nyingine imani hiyo imebahatika. Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Maktau na Mbuyuni, kuna kilima kidogo kinaitwa Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliwafurusha hapo wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza. Tunapenda kuhadithia risasi, lakini kwenye vita vile vya Afrika Mashariki magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi, na wapagazi ndio walioumia zaidi. Kwa upande wa Wajerumani, meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, dawa za kutoka Ulaya haziingii. Basi kwenye kituo chao cha utafiti huko Amani, milima ya Usambara, wakachukua magome ya mti wa kwinini waliokuwa wameupanda wenyewe wakatengeneza dawa ya malaria. Baadaye, walipokuwa wanakimbizwa porini, walikuwa wakichemsha magome tu na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kiasi kwamba askari waliyaita pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Na yalifanya kazi. Kilichofanya kazi ni kwinini iliyokuwa ndani. Uchungu ulikuwa harufu ya gari tu, si injini. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekunywa akapona.

Siki nayo ina hadithi yake ya vita, ingawa hiyo ni ya kutilia shaka. Inasemwa kwamba wakati wa tauni huko Ufaransa wezi wanne walikuwa wakiiba kwenye nyumba za wafu bila kuugua, na walipokamatwa wakaokoa shingo zao kwa kutaja siri: siki iliyolowekwa mitishamba. Wengine wanasema ilikuwa Marseille, wengine Toulouse, na karne inabadilika kulingana na msimuliaji. Mimi niliiweka kwenye makala yangu kama faida nambari 9, "inakinga magonjwa ya mlipuko". Usinicheke sana. Aprili 2020, korona ikiwa mpya, gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kwamba ndani ya misaada ya chakula ataweka chupa ndogo za Hennessy kama dawa ya kusafisha koo, mpaka kampuni yenyewe ikabidi ijitokeze kusema kinywaji chao hakikingi virusi. Na mwaka 2011 Wakenya wangapi walivuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila? Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania, bei ya haki kabisa. Gharama kubwa ilikuja baadaye, kwa wale walioacha dawa zao nyumbani wakiamini wamepona.

Lakini ile siki niliyoiuza mimi, ya tufaha, yenye asali, ya kunywa asubuhi, ina mzazi anayejulikana. Anaitwa D. C. Jarvis, daktari wa mji wa Barre, jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1958 alichapisha kitabu kinachoitwa *Folk Medicine*, kikauzwa kama njugu. Jarvis aliwatazama wakulima wa Vermont na ng'ombe wao wanaochanganyiwa siki kwenye lishe, akafikia hitimisho kwamba glasi ya maji yenye vijiko viwili vya siki ya tufaha na viwili vya asali inaweza kukuondolea karibu kila shida, kuanzia maumivu ya viungo hadi unene. Nguzo yake moja kubwa ilikuwa potasiamu, ambayo alisema siki inakupatia. Nilipolisoma hilo ilibidi nitafute tarakimu. Kijiko kikubwa cha siki ya tufaha kina kama miligramu 11 za potasiamu. Ndizi moja mbivu ya kawaida ina zaidi ya 400. Sisi tunaishi saa mbili kutoka Taveta, ambako ndizi zinapakiwa kwenye malori mpaka zinaning'inia nje, halafu tunanunua potasiamu ya Vermont kwenye chupa.

Mengine kwenye orodha yangu yanaanguka kwa urahisi huo huo. Eti siki inabadilisha asidi ya damu. Damu yako inashikiliwa na mapafu na figo kwenye kipimo cha pH kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka hapo unahitaji daktari haraka sana. Tumbo lako tayari lina asidi kali kuliko siki. Eti inatoa sumu: ini na figo zinafanya hiyo kazi saa hii unaposoma, bila malipo. Eti inang'arisha meno: asidi inakula ile ngozi ngumu ya jino, na hiyo haioti tena.

Kwenye unene na sukari mambo si mepesi hivyo, na ni hapa nilipojifunza kwamba uongo mzuri hukaa karibu na ukweli. Mwaka 2004 Carol Johnston na wenzake wa Arizona State walionyesha kwamba siki ikinywewa kabla ya mlo wenye wanga mwingi, sukari ya damu hupanda kidogo kuliko kawaida baada ya mlo. Watu waliopimwa walikuwa 29. Japani mwaka 2009 watu 155 wanene walinywa siki au kinywaji cha kuigiza kwa wiki 12. Wa siki walipungua kilo moja hadi mbili, na walipoacha kunywa zikarudi. Utafiti huo ulifanywa na watu wa kampuni inayotengeneza siki, kwa taarifa tu. Halafu mwaka 2024 ukaja wa Lebanoni, wa vijana 120, wenye matokeo ya ajabu ya kupunguza uzito. Ulizunguka dunia nzima, mpaka kwenye simu yangu ukafika. Septemba 2025 wachapishaji wa BMJ waliufuta, baada ya wakaguzi wa takwimu kushindwa kuyapata yale matokeo kutoka kwenye data yenyewe. Hiyo habari ya kufutwa haikufika kwenye grupu lolote nililomo. Si unajua mambo.

Kwa hivyo: siki na mlo wa ugali inaweza kupunguza kidogo kasi ya sukari kupanda. Kupunguza kidogo baada ya mlo mmoja. Mimi niliandika "inaponya".

Mama Mdogo alianza na vijiko viwili kila asubuhi. Ya tufaha aliiona bei yake supamaketi akairudisha, akachukua ile nyeupe ya kachumbari. Siki ni siki, alisema, na kikemia hakuwa mbali na ukweli. Mwezi wa kwanza alimeza metfomini nusu. Wa pili akaacha kabisa, na hakuniambia kwa sababu kwake hakukuwa na la kuniambia. Alikuwa anafuata nilichomsomea. Tumbo lilitulia, akaona dalili njema. Mwezi wa tatu alianza kuamka usiku mara tano kwenda choo. Kiu. Akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akadhani ni miwani. Jeraha dogo la kiatu kwenye kidole cha mguu likakataa kufunga. Siku tuliyomfikisha hospitali kipimo kilisoma 22.4, na muuguzi akakirudia akidhani mashine ina shida.

Alilazwa siku sita. Siku ya tatu, alipopata nguvu za kuongea, nilimweleza kila kitu: kurasa sita, mteja, zile faida tatu za kumega. Alinyamaza muda mrefu, akiangalia dripu.

"Walikulipa pesa ngapi?"

"Mia sita."

Akageukia ukutani. Hakusema neno tena siku hiyo. Kidole kilipona baada ya miezi minne, na bado anakianika nje ya kandambili kama anayetaka nikione. Sasa amebadilishiwa vidonge, kuna aina ya metfomini inayoyeyuka polepole ambayo haimsokoti tumbo hivyo. Kumbe dawa ya shida yake ilikuwa sentensi moja kwa daktari.

Mteja nilimwandikia nikamwomba aitoe ile makala. Hakujibu. Bado iko, nimeiangalia wiki iliyopita, imewekewa picha mpya.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho siki inafanya kwenye afya ya watu, kimethibitishwa, na hakikuwa kwenye orodha yangu ya 21. Ninakisema hapa kwa sababu katika miezi yote ya kusoma ndicho kilichonishangaza kuliko vyote.

Asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nguvu ile ile ya siki ya dukani, ikipakwa kwenye mlango wa kizazi na kuachwa kama dakika moja, sehemu zenye seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Muuguzi anaziona kwa macho, kwa taa. Hakuna maabara, hakuna kusubiri majibu ya Nairobi. Seli hizo zinaweza kutibiwa kabla hazijawa saratani, na mara nyingine siku hiyo hiyo. Kipimo hiki kinatumika Kenya miaka mingi sasa, ingawa mwongozo wa siku hizi unaweka mbele kipimo cha virusi vya HPV pale kinapopatikana. Kwa makadirio ya mwaka 2020, saratani hii iliua wanawake zaidi ya 3,000 nchini kwa mwaka. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi hivyo kwetu.

Ujuzi huo una historia nzito. Aliyebuni darubini ya kuangalia mlango wa kizazi ni Hans Hinselmann, Hamburg, mwaka 1925, na siki ikaingia kama njia ya kuona vizuri zaidi. Miaka ya vita, chini ya daktari wa SS Eduard Wirths, njia hiyo ilitumiwa kwa nguvu kwa wanawake waliofungwa Auschwitz. Baadaye sana, Mumbai, Surendra Shastri na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial walifuatilia wanawake karibu 150,000 wa mitaa ya mabanda. Wahudumu waliofunzwa wiki chache walitumia siki na taa tu. Matokeo yalitangazwa 2013: vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31. Hata huo ulilalamikiwa, kwa sababu nusu ya wanawake walipewa elimu tu bila kupimwa, na wapo waliouliza kama walielewa walichokubali. Nimeiona grafu ya vifo ile, mistari miwili inaachana polepole, na nikafikiria ni nani walikuwa kwenye mstari wa juu.

Nilipomweleza Mama Mdogo alinitazama kama mtu anayeuziwa simu ya wizi. "Wewe na siki tena?" Alikuwa na haki. Sikumlazimisha. Nilimwambia akienda kliniki yake ya sukari amuulize muuguzi, asiniamini mimi. Akamuuliza. Ana miaka 43, hajawahi kupimwa. Muuguzi alimwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi nilimsindikiza. Wanaume tulikuwa wawili kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, kila mmoja akijifanya ana kitu muhimu kwenye simu. Alikaa ndani kama dakika ishirini. Alipotoka alikuwa anafunga leso vizuri kiunoni, na kadi mkononi ilikuwa imeandikwa hakuna kilichoonekana, na tarehe ya kurudi.

"Kule ndani," akasema, "kunanuka kachumbari."

Kisha akaniambia niite boda, na nilipe mimi.